Theresia Gabrieli, Aliyeomba Utani Uwekwe Pembeni

Baba Padre, viongozi wa kijiji chetu cha Sepuka, ndugu, majirani, na nyinyi watani wetu Wanyiramba ambao tangu asubuhi mmekaa kimya hadi mnatutia wasiwasi, msamaha unaombwa mapema, kwa sababu historia hii ya marehemu itasomwa vibaya. Familia ilikaa kikao kutafuta msomaji mwenye sauti nzito na uso wa heshima, kila mwenye sifa hizo akasema hataweza kufika katikati bila kulia, basi kazi ikamwangukia Samweli, mdogo wa marehemu mume wa Theresia, mtu aliyezeekea jukwaani kwenye vikundi vya vichekesho, ambaye hata akitoa pole watu hushika mbavu. Mvumilieni. Akiteleza, mjue karatasi iko sawa, mdomo ndio mbovu.

Theresia Gabrieli Ntandu alizaliwa hapa Sepuka tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa pili wa mzee Gabrieli Ntandu na mama Martina, na waliokuwepo wanasema alitoka tumboni akilalamika, hakunyamaza mpaka alipofunikwa nguo kavu, tabia ambayo hakuiacha. Alisoma hapa hapa kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975 alipomaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akarudi shambani kwa baba yake kwenye uwele na alizeti, na mwezi Mei 1980 akaajiriwa mjini Singida katika kiwanda cha ushirika cha kukamua mafuta.

Kiwandani ndiko alikojifunza silaha yake. Msimamizi wao alikuwa Mnyiramba, na Mnyaturu na Mnyiramba, kama mnavyojua, hawagombani, wanataniana, neno zito likishavishwa utani hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika, kwa hiyo wenzake walipochoka kuungua mikono kwenye mashine walimtuma Theresia, naye akasimama mlangoni kwa msimamizi akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Eti bwana mkubwa, kwenu Iramba mikono ya watu mnakula ya kuchoma au ya kukaanga?" Msimamizi alicheka mpaka akakaa chini, na kabla ya wiki kwisha glavu zikaja. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, kicheko kinatangulia, dawa inafuata, na Theresia akaamini kwamba ndivyo dunia nzima inavyokwenda.

Tarehe 24 Novemba 1984 alifunga ndoa na marehemu Yohana, wakajaliwa watoto wawili, Jesca, aliyezaliwa mwaka 1986, na Melkizedeki, aliyezaliwa mwaka 1990, wote wako hapa mbele yenu. Soko huria lilipofika kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, na tarehe 31 Machi 1995 Theresia na wenzake wakapunguzwa kazi, akahamia Mkiwa, akauza mayai ya kuchemsha na mafuta ya alizeti pale njia panda kwa miaka mingi, madereva wa malori wakimwogopa kuliko askari wa barabarani. Mume wake alifariki mwaka 2006, akabaki na wanawe, na baadaye wajukuu wanne ambao aliwalea kwa makofi ya mapenzi.

Mwaka 2012 shinikizo la damu lilimwangusha pale pale Mkiwa, mwezi Februari 2014 ikathibitika kwamba figo zake zote mbili zimechoka, na kuanzia hapo akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, katika kituo kimoja binafsi mjini ambacho familia imekubaliana jina lake lisitajwe mbele ya jeneza. Shemeji yake Samweli ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Tusikidhulumu kituo kile, mwanzoni kilikuwa kizuri, bila hicho ingekuwa Dodoma, na kwa Dodoma Theresia asingemaliza mwezi, mashine zilikuwa mpya, wauguzi wanatosha, na maji yanayopita kwenye mashine yalisafishwa na mtambo wake wenye fundi wake, maana maji ya Singida wenyewe mnayajua, yanatia madoa hata kwenye meno.

Kisha wenye kituo, watu wa mbali ambao hakuna mgonjwa aliyewahi kuwaona, wakaleta neno jipya, kubana matumizi. Mara tatu kwa wiki zikawa mbili. Machujio ya mashine, ambayo mwanzo kila mgonjwa alifunguliwa lake jipya, yakaanza kuoshwa na kurudiwa. Wauguzi wakapunguzwa mpaka akabaki Dorkas peke yake kwenye zamu, akikimbia kutoka kitanda hadi kitanda kama mama mwenye mapacha watatu, na fundi wa mtambo wa maji akaambiwa ataitwa akihitajika, hakuitwa. Wagonjwa wakaanza kutetemeka wakiwa kwenye mashine, mtu mchana wa jua kali anaomba blanketi la tatu, na mwezi Julai mwaka huu mzee Haji Abdulhamidi, muuza vitambaa wa sokoni, aliyelala kitanda cha jirani na Theresia, alitetemeka Jumanne na akazikwa Alhamisi.

Meneja wa kituo alikuwa Hosea, kijana wa Misigiri, Mnyiramba halisi, na Theresia alipojua hilo alifurahi kama mtu aliyekuta ndugu ugenini, akatoa silaha yake ya kiwandani. "We mtumwa wangu Hosea, leo umenisafisha damu na maji ya Ziwa Kindai, nikikojoa patapatikana chumvi ya mboga!" Hosea naye hakubaki nyuma, akajibu, "Bibi, Mnyaturu hata umwogeshe na maji ya baraka atasema yana chumvi." Chumba kizima kikacheka, wagonjwa, wasindikizaji, hata Dorkas akatabasamu huku ameinamisha kichwa, na ikawa desturi, kila Jumanne na Ijumaa watu wanamsubiri Theresia aanze, anamwambia Hosea kwamba amemwua mzee Haji na sasa anatafuta kitoweo kingine, Hosea anacheka, anampigia saluti, anarudi ofisini.

Lakini glavu hazikuja. Theresia alisubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, kicheko kinatoka na mtambo hauguswi, ndipo akamwambia Jesca jikoni kwamba ameelewa, utani unamfunga Hosea, haumfungi mwenye mali, yule hana kabila hapa, na Hosea naye amepata pa kujificha, kila akiambiwa ukweli anaugeuza mchezo. "Sasa nitasema kama mtu mzima," alisema, "nataka kumuona Melki akioa."

Jumanne tarehe 8 Septemba 2015 alivaa gauni lake la kanisani, akakataa kupanda kitandani, akamwita Hosea mbele ya wote, na yeye mwanamke wa miaka hamsini na minne akamwita kijana yule "mheshimiwa meneja," akasema, "Naomba leo tuweke utani pembeni. Maji haya yanatuua. Mwiteni fundi, la sivyo tuambieni tukafie kwetu." Chumba kilisita kidogo. Halafu kikacheka kuliko siku zote, maana hakuna mtani anayeanza utani mkubwa bila kusema kwanza tuuweke pembeni, na lile gauni na ule uheshimiwa vikakoleza, Hosea alijifuta machozi ya kicheko akasema, "Bibi leo umenimaliza." Theresia aliwatazama mmoja mmoja, akapanda kitandani, akanyoosha mkono afungwe mashine, kwa sababu bila mashine pia angekufa.

Ijumaa tarehe 11 alitetemeka mpaka kitanda kikalia, akahamishiwa hospitali nyingine akiwa na homa kali, madaktari wakasema damu imeingiwa na vijidudu, na Jumapili tarehe 13 Septemba 2015, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku zile mbili, inamshukuru Dorkas, aliyefika jana kuosha mwili kwa mikono yake na kulia kuliko sisi, inawashukuru majirani wa Sepuka kwa kuni, maji na usiku mliokesha, na wafanyabiashara wenzake wa Mkiwa waliofunga meza zao leo. Hosea pia amekuja, amekaa pale kwenye viti vya watani, na hajamtania mtu.

Tangu jana watu wanauliza nani alaumiwe, wengine wanamtaja meneja, wengine wenye kituo, na wote wana haki yao, ila siku ile chumba kiliposita, kilisita kwa sababu watu hawakujua kama ni la kucheka au la kulia, na kama ilivyo kawaida mahali penye mchekeshaji, wote walimgeukia mchekeshaji awaonyeshe, naye Samweli akapiga paja, akacheka wa kwanza. Pumzika, shemeji, amani uipate huko ambako ukisema neno zito, Samweli hajafika bado.