Mmanga bin Mjaka: Gati ya Wete na Asubuhi Moja juu ya Sitaha

Tarehe 30 Juni 1949 Bwana Mmanga bin Mjaka, mnyapara wa wachukuzi wa gati ya Wete, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita. Tuseme kweli, wachukuzi wamefurahi kidogo. Hakuna tena wa kuwalazimisha kupakua upya shehena nzima ya karafuu kwa sababu fundo moja limekaa upande.

Ni mtu wa Chokocho, na kabla ya gati alikuwa mchumaji karafuu. Huko ndiko alikojifunzia kamba. Akishapanda juu hujifunga kiunoni, akaikaza kamba kwenye shina, ndipo anyooshe mikono yote miwili. Kwake yeye, asiyejifunga anatafuta kufa.

Wakati wa vita watumishi wawili wa gati tulipelekwa kwenye manowari ya kubeba ndege: yeye, na mimi Ahmada Thabit ninayeandika haya. Kazi yetu ilikuwa kulala kifudifudi kando ya magurudumu, tumeshika vigogo vinavyoizuia ndege. Bendera ya kuruhusu ndege kuruka ikishuka, tunavivuta na kutambaa nje, na rafadha inazunguka karibu na vichwa vyetu. Sitaha ina maji na mafuta, meli inayumba. Ukiteleza umechinjwa.

Bwana Mmanga akafanya kama yuko juu ya mkarafuu. Alijifunga kiunoni, akafunga ncha ya pili kwenye pete ya chuma ya sitaha, kisha akanifunga na mimi. Wakubwa walikataza, tukawa tunawaficha. Niliteleza mara mbili, na mara zote mbili kamba ile ilinizuia.

Asubuhi moja bendera ilishuka, nikafungua upande wa pete, lakini fundo la kiunoni lilikuwa limevimba kwa maji, likakataa. Ncha iliyolegea ikanasa kwenye gurudumu la mkiani. Ndege ikaanza kukimbia nami nyuma yake, kamba imenizunguka mguu, naburuzwa kuelekea baharini. Nilipiga shahada. Bwana Mmanga alinirukia mwilini, tukaburuzwa wote wawili, akaikata kamba kwa kisu chake wakati nimeshaona mapovu ya bahari chini ya ukingo.

Ndege iliruka. Rubani alirudi salama, wala hakujua kitu. Mguu wangu wa kushoto, uliopondwa na kamba, daktari aliukata gotini.

Tangu turudi, kila Ijumaa Bwana Mmanga huja kunitekea maji kisimani, akajaza mitungi, akaondoka. Hajapata kuketi barazani kwangu. Mke wangu, Bi Khairiya, humwekea chakula mpaka kikapoa. Nilipomwambia sina kinyongo, alijibu kwamba fundo lilikuwa lake. Akaomba habari hii isitajwe siku ya kumuaga.

Nimemkaidi. Mwezi ujao anarudi Chokocho, na inaniuma kumwona akiondoka na mzigo huu. Basi nasema mbele ya watumishi wote, asipate pa kukimbilia.

Kaka Mmanga, watoto wangu wawili wamezaliwa baada ya asubuhi ile, na wote wanakuita ami. Radhi yangu unayo, ya dunia na ya akhera. Gati nzima inakushukuru, na tunakuombea kwa Mola afya na uzee wa raha. Ijumaa hii maji tutateka wenyewe. Wewe njoo ule.