Mwanafunzi Mmoja Aliyezidi

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa kabati kuukuu uliolazwa juu ya matofali, nyuma ya ukuta wa shule ya sekondari, pale ambapo kivuli cha kibanda cha fundi viatu huanguka mchana na kukaa hadi jioni. Mwenye kibanda aliitwa Refa, kwa sababu aliwahi kuchezesha mechi moja maishani mwake, nayo haikuisha. Pembeni yake hukaa Kipimo, seremala, mtu asiyeamini kitu mpaka akipime. Mwisho wa benchi, pale palipobonyea, ni kiti cha Wakili, mchora vibao, ambaye aliitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi na tangu siku hiyo hajanyamaza. Mbele yao, juu ya kigoda, na birika la kahawa likichemka kwenye jiko la mkaa, hukaa Mama Pacha. Kazi yao wale watatu ni kusema, kazi yake yeye ni kumimina. Ila mchana ule alikuwa na jambo lake moyoni, na benchi zima hakuna aliyelijua.

— Jamani, wametumaliza, alisema Refa, misumari imemjaa mdomoni.

— Nani tena? aliuliza Kipimo.

— Wenye mashindano. Mwalimu wa michezo kapita hapa asubuhi na kiatu chake, kanieleza mwenyewe, macho yamemwiva. Mwaka huu ubingwa wa mpira wa sekondari umekatwa mafungu mawili. Shule ndogo kivyao, shule kubwa kivyao. Ukiwa na wanafunzi mia nne kushuka chini, wewe mdogo. Ukizidi, wewe mkubwa.

— Si vizuri hivyo? Sisi si wadogo?

Refa akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja, kama mtu anayetaja majina ya marehemu.

— Sisi ni mia nne na mmoja.

Mdomo wa birika ukakikosa kikombe. Kahawa ikaenda moja kwa moja kwenye kidole cha Wakili.

— Mama Pacha! Hiki ndicho kidole ninachochorea!

— Samahani, shemeji. Mkono umeteleza.

Mkono haukuteleza. Mama Pacha alimjua huyo mmoja aliyezidi. Alimjua vizuri kuliko mtu yeyote, maana asubuhi hiyo alikuwa amemsuka nywele mbele ya kioo. Mwanzoni mwa muhula, darasa la jioni la watu wazima lilipofunguliwa, aliingia ofisini kwa mkuu wa shule akajiandikisha kidato cha pili, palepale alipoachia miaka mingi nyuma mama yake alipolala kitandani na hakuna mwingine wa kumuuguza. Mkuu wa shule alimpa mkono na kumwambia kwa kicheko: “Karibu sana. Wewe ndiye wa mwisho, umetufungia mlango.” Hesabu ilikuwa inachukua wote, wa asubuhi na wa jioni, wanaocheza na wasiocheza.

Nyumbani wanajua. Pacha wake wote wawili wanajua, na yule wa kwanza, winga wa kushoto wa timu ya shule, ndiye anayemsaidia hesabu. Hapa kijiweni hakuwaambia. Aliwafahamu. Wangemtania mpaka kahawa igande.

— Lakini haki iko wapi? Wakili alikuwa ameshasimama. Ile shule ya bweni kule kilimani wamewekwa wapi?

— Wadogo, alisema Refa.

— Wadogo! Wale wenye majani uwanjani utafikiri zulia!

— Wana wanafunzi mia tatu tu.

— Mia tatu, sawa, lakini wote mastraika! Wanawaokota huku na huku, wanawasomesha bure, wanawalisha. Kule hata anayegonga kengele ni straika. Hata anayepika ana mguu wa kushoto mkali. Sisi watoto wetu wanabanana wanne dawati moja, eti tunaitwa wakubwa. Wao kila mtu na kitanda chake na mto wake, eti wadogo!

Hapo hata Mama Pacha alitikisa kichwa. Mwaka jana mwanawe alirudi kutoka kule kilimani na mabao tisa mgongoni na paja limevimba, na alichosema ni kwamba beki wao mmoja alikuwa na ndevu.

— Kosa ni kipimo, alisema Kipimo, akivuta futi yake ya chuma mpaka ikalia. Huwezi kuhesabu vichwa. Kichwa ni kitu kidogo. Tuwalaze wanafunzi chini, mmoja baada ya mwingine, kuanzia getini. Wa kwetu, kwa ufupi walionao, hawafiki hata kwenye bomba la maji. Wale wa kilimani wanavuka barabara wanaingia sokoni. Sasa hapo nani mkubwa?

— Na anayelala darasani? alidakia Refa. Anahesabiwaje? Mimi nasema aliyelala ahesabiwe nusu. Pale dirisha la tatu nawaona kila siku saa za mchana. Tukiondoa nusunusu hizo tu, tunashuka chini ya mia nne, na chenji inabaki.

Wakili akainua kile kidole kilichoungua.

— Hamjui sheria. Ngojeni. Pacha! Pacha ni mtu mmoja aliyetolewa nakala. Kisheria nakala haihesabiwi. Ukitoa nakala ya cheti, una vyeti viwili?

— Pacha wangu wamekaa tumboni mwangu wawili, alisema Mama Pacha, na kila mmoja alinipiga teke kwa wakati wake.

— Simaanishi wako, shemeji. Namaanisha pacha kwa ujumla.

— Shule nzima pacha ni wangu tu.

Wakili akaketi, akanywa, akainuka upya. Hapo ndipo jambo lilipoharibika kabisa.

— Basi sikilizeni. Tunahangaika kumpunguza mmoja, wa nini? Dawa si kupungua sisi. Dawa ni waongezeke wao! Wale wana mia tatu. Tukipeleka mia moja na mmoja wakaandikishwa kule, wanavuka mstari, wanakuwa wakubwa. Tunakutana nao kulekule juu, na safari hii hawana pa kujificha.

Hata nyundo ya Refa ilisimama hewani.

— Mia moja na mmoja tunawatoa wapi? aliuliza Kipimo, lakini kwa sauti ya mtu ambaye tayari yumo.

— Sisi wenyewe! Mimi mmoja, wewe wa pili, Refa wa tatu. Wapiga rangi, mafundi baiskeli, wale wote wa gereji. Tunavaa kaptula, tunapanga foleni.

— Kaptula yangu ikatwe juu ya goti, alisema Kipimo. Chini ya goti inanifupisha.

— Mimi nitakuwa kiranja, alisema Refa.

— Kiranja kwa lipi? Wewe hata mechi uliyochezesha haikuisha!

— Haikuisha kwa sababu mpira uliingia shimoni!

— Kiranja ni mimi, nina sauti.

Wakabishana juu ya ukiranja mpaka jasho likawatoka, na Mama Pacha akawasikiliza, kijiti cha kuchochea mkaa mkononi. Akamwaza mwanawe akikimbia pembeni mwa uwanja, mwembamba, anakabwa na majitu ya shule kubwa. Akajiona yeye anarudi ofisini kwa mkuu wa shule kusema basi, nifute, muda wenyewe nao umenipita. Ingekuwa rahisi sana. Asingejua hata mtu. Tena kijiwe kingesherehekea bila kujua kinamsherehekea nani.

Halafu Kipimo akaguna.

— Ila Wakili, wewe nawe. Mtu mzima gani, mwenye akili zake timamu, ataenda kujiandikisha sekondari?

Wakacheka wote watatu, wakapigana mabega.

— Mimi, alisema Mama Pacha.

Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikakosa pa kwenda.

— Wewe nini?

— Mimi nimejiandikisha. Kidato cha pili, darasa la jioni, hapo nyuma ya ukuta. Wa mwisho kuingia ni mimi. Huyo mmoja mnayemtafuta mumfute, mumkate nusu, mumtoe nakala, ndiye anawamiminia kahawa.

Refa aliweka nyundo chini. Wakili, kwa mara ya kwanza tangu enzi za mahakama, alitazama chini.

— Shemeji, alisema Kipimo taratibu, sasa... huwezi kuwa unakosakosa shule? Kidogo tu? Mpaka mashindano yaishe?

— Sikosi hata siku moja.

— Lakini mwanao yumo kwenye timu!

— Najua yumo, nimemzaa mimi. Akifungwa na wakubwa atarudi nyumbani nitamkanda miguu, kesho ataenda tena. Mimi nikitoka, nani atanirudisha? Nyie? Akaligonga birika kwa kijiti cha mkaa. Juzi darasani nimeelewa kwa nini maji ya birika hili yanapungua bila mtu kuyanywa. Miaka yote nimekaa mbele ya huu mvuke nauona tu. Sitoki.

Wakati huo kijana mmoja mgeni, aliyeleta kiatu chake muda mfupi uliopita, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kando ya kibanda, akisubiri soli yake. Alikuwa amesikiliza kwa adabu. Sasa akakohoa.

— Samahani, wakubwa zangu. Mimi mpita njia tu. Hiyo timu yenu, ilipokuwa inacheza na wadogo wenzake, mara ya mwisho kushinda ilikuwa lini?

Refa akamtazama Kipimo. Kipimo akamtazama Wakili. Wakili akatazama juu, akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika kwenye kile kilichoungua, akarudi mwanzo.

— Kuna ile sare, alisema mwishowe.

— Ile walikimbia mvua, alisema Refa.

— Mvua ilikuwa upande wetu, alisema Kipimo, lakini hakulipima neno lake.

Kijana akarudi kusubiri soli yake. Saa ya darasa ilipokaribia, Mama Pacha alitikisa birika, likalia makapi matupu. Akaufunika mkaa majivu, akaosha vikombe, akajifunga kilemba upya, na alipowapita hakuna aliyethubutu kutania. Refa peke yake ndiye aliyenyanyuka, akamsogezea kigoda kando ili asijikwae.

— Usome vizuri, dada, alisema, kisha akajifanya anatafuta gundi.

Mama Pacha alizunguka ukuta, akaingia getini, akakaa dawati la nyuma, wa nne kati ya wanne. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuita majina. Lake lilikuwa la mwisho kabisa. Lilipofika, Mama Pacha aliitika “Nipo!” kwa sauti iliyofanya darasa zima ligeuke.