Mto wa Magoti

Benchi la nyuma ya hoteli lina miguu minne, lakini inayofika chini ni mitatu. Ndiyo maana kila anayekalia hushika kikombe chake cha kahawa kwa mikono miwili. Mchana huo Bi Shuka, mtandika vitanda kwa miaka kumi na tisa, alikaa na barua ya kuacha kazi mfukoni. Ilibaki nusu saa ampelekee meneja. Tangu mwezi uliopita, lilipoletwa roboti jeupe la kugawa taulo vyumbani, likapachikwa jina la Bwana Harusi, kazi ilikuwa imemtoka moyoni.

— Leo taulo, kesho shuka, alisema Fundi Bomba, mzibua mabomba. Keshokutwa atazibua sinki kwa kidole.

— Hana kidole, alijibu Mzee Ngazi, mchukuzi wa mizigo.

— Atanunuliwa! Na akipata vidole, atataka pete.

— Amuoe nani?

— Mashine ya kufulia. Akipita pale hupunguza mwendo.

— Naapa nimemwona! alidakia Mzee Ngazi. Wakizaa tumekwisha, jamani. Watoto watatoka tumboni na sare!

Bi Shuka alicheka bila kutaka, kahawa ikamrukia kwenye aproni.

— Na wewe dada, mbona kimya? aliuliza Fundi.

— Niseme nini, kaka? Huyo Bwana Harusi wenu hachoki, wala hakosei.

— Hakosei? Juzi kaipelekea lifti taulo, akasimama kuisubiri ipokee!

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mama mmoja mtu mzima, mgeni wa chumba namba kumi na mbili, akijikongoja kwa fimbo.

— Hamjambo wanangu? Naondoka leo. Nimekuja kumshukuru Bwana Harusi wenu.

— Kwa lipi, mama?

— Kila nikirudi chumbani nakuta mto wa pili katikati ya kitanda, pale pale ninapoegemeza magoti. Sikumwambia mtu. Alijuaje kwamba yananiuma?

Fundi akamtazama Mzee Ngazi. Mzee Ngazi akakitazama kikombe.

Jibu alikuwa nalo Bi Shuka. Asubuhi ya kwanza aliukuta mto ule mbali na kichwa cha kitanda, umebonyea mahali pawili kama alama za magoti; tangu hapo akawa anauweka pale pale.

— Ni mimi, mama. Bwana Harusi hata magoti hana.

Mama akamshika mikono yote miwili, asiiachie upesi. Alipokwenda zake, Bi Shuka alitoa barua, akaikunja mara nne, akainama na kuisokomeza chini ya mguu mfupi wa benchi. Benchi likatulia tuli.

— Haya, kunyweni sasa kwa mkono mmoja. Mimi nina vitanda vinanisubiri.