Mkaguzi wa Mizani Aliyekataa Kuamuliwa

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi wenzetu wa sokoni, familia imenipa karatasi hii niisome kwa sababu mimi ndiye mdogo pekee wa marehemu aliyebaki hai, nami nimekubali nikijua kwamba wapo hapa, na baadhi yao wamekaa viti vya mbele, wanaosema kaka yangu amekufa kwa kuwa nilishikishwa kalamu nikakataa kuitumia, kwa hiyo nitasoma yote tangu mwanzo, na nikifika hapo sitaruka.

Marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Kaka na sokoni mlimwita Bwana Kilo, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 3 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi wa tanuri na mkewe mshona nguo, nami nikamfuata miaka mitano baadaye.

Alianza shule ya msingi ya kiwandani Januari 1957 na kumaliza Novemba 1963, na ni akiwa darasa la nne ndipo mwalimu wa hesabu alipochapa darasa zima kwa kosa la mtu mmoja, naye akasimama kueleza kwamba kosa lina mwenyewe na darasa halina makalio, jambo lililomfanya aongezewe viboko viwili, na mama alisimulia hadi uzeeni kwamba alirudi nyumbani siku hiyo ameridhika kabisa, kwa sababu hivyo viwili vilikuwa vya kwake. Aliendelea na sekondari ya kutwa hadi Desemba 1967, kisha chuo cha vipimo, alikohitimu Juni 1970.

Tarehe 1 Julai 1970 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, akapewa chumba namba sita, ghorofa ya chini, chenye dirisha moja linalotazama soko, meza yenye mguu uliofungwa waya, na sanduku la mawe ya shaba aliyoyafuta kwa flana kila asubuhi kabla hata hajaketi. Aliamini, na kila aliyekaa naye dakika kumi aliambiwa, apende asipende, kwamba binadamu amepewa akili ya kujua linalomfaa, ila amepewa pia mkono mwepesi, kwa hiyo aachwe auze na anunue kwa bei wanayoelewana, lakini mizani isimamiwe na mtu ambaye si muuzaji wala mnunuzi, na msimamizi huyo naye afungwe na sheria iliyoandikwa, maana na yeye ana mkono. Ndiyo sababu kila Januari aliyatoa mawe yake ya shaba nje, akayapanga juu ya meza mbele ya wafanyabiashara, na kumruhusu yeyote ayapime kwa mawe yaliyoletwa kutoka makao makuu, na mwaka 1981 jiwe la kilo mbili lilipoonekana limelika, alijiandikia onyo mwenyewe na kulibandika mlangoni.

Sasa nisemwe na mimi. Tarehe 9 Agosti 1978 aliingia kwenye bucha yangu, akakuta kulabu ya kutundikia nyama nimeisahau juu ya sahani ya mizani, na nasema nimeisahau kwa sababu ndivyo nilivyosema siku ile, ikawa wateja wangu wanajinunulia robo kilo ya chuma kila wapitapo, akaifunga mizani yangu kwa lakiri mbele ya watu, mimi ndugu yake wa tumbo moja, na nilipomwambia damu ni nzito kuliko maji akanijibu kwamba hata damu ina uzito wake na unapimika. Hatukusemeshana miaka miwili.

Tarehe 14 Desemba 1974, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, karani wa masijala, baada ya kumwuliza yeye mwenyewe kwanza kabla ya wazee, na kumwambia ana haki ya kukataa, naye akaomba miezi mitatu ya kufikiri na akaimaliza yote. Nyumbani kwao kila mtu alikuwa na kura, kila mtoto aliyefika miaka saba alikuwa na mlango unaopigwa hodi, hata na baba yake, lakini shemeji aliwahi kutuambia jikoni, huku akicheka, "Kura nimepewa, vyombo bado naosha mimi," na maneno hayo yalipomfikia kaka akaanza kuosha vyombo vya jioni, vibaya sana, kwa miaka arobaini.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1976, sasa msimamizi wa ujenzi, wa pili mwaka 1979, mwalimu, na kitindamimba mwaka 1983, dereva wa malori ya masafa marefu, na hapa kuna doa ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, kwamba barua ya kumwita binti huyo kwenye mafunzo ya udereva ilipofika, kaka aliifungua, akaificha siku kumi na moja akitumaini nafasi itapita, halafu akaitoa mezani mbele ya wote akasema amemwibia mtu mzima maisha yake. Binti alichelewa mafunzo kwa wiki moja, na kumsamehe kulichukua muda mrefu zaidi ya hapo.

Mwaka 1992, unga ulipoadimika na bei kupanda mara tatu, mkuu wake alimwagiza afunge maduka ya waliopandisha, naye akajibu kwa maandishi kwamba sheria inampa mamlaka juu ya mizani, haimpi juu ya bei, na serikali ikianza kufunga maduka bila sheria leo kwa sababu nzuri, kesho itafunga kwa sababu mbaya, na kwa jibu hilo akahamishiwa stoo ya majalada kwa miaka mitatu. Wapo waliompongeza, lakini shemeji, aliyekuwa amepanga foleni tangu alfajiri akarudi na kikapu kitupu, alimwambia, "Kilo ni kilo, mume wangu, lakini mwenye njaa halambi mizani," na tangu siku hiyo kaka alikuwa akisema kwamba uhuru wa mtu asiye na chakula ni nusu ya uhuru, na hiyo nusu nyingine hajajua ni nani aidai kwa nani.

Viti mlivyokalia leo ni vya chama cha mtaa alichokianzisha mwaka 1988, ambacho kifungu chake cha kwanza kinaeleza namna ya kujitoa, kwa sababu alisema umoja usio na mlango wa kutokea ni zizi, na katika miaka thelathini na moja hakuna aliyejitoa, ingawa wengi tumetishia.

Alistaafu mwaka 2009. Kisukari kiligundulika mwaka 2011, mguu wa kushoto ulikatwa tarehe 20 Februari 2017, na Mei mwaka huu wa 2019 kidonda kikatokea mguu wa kulia, madaktari wakashauri nao ukatwe, naye akasikiliza, akauliza maswali yake yote, akakataa. Tarehe 23 Mei, saa nne asubuhi, tulikutana kwenye veranda ya wodi ya wanaume, na kwa sababu homa ilikuwa imempanda asubuhi mbili mfululizo hadi akawaita watu waliokwisha kufa, ilikuwapo fomu ambayo ndugu aliyeandikishwa wodini, yaani mimi, angeweza kusaini kwamba mgonjwa hana fahamu timamu. Tulipiga kura, sita wakataka nisaini, kitindamimba peke yake akakataa, shemeji akasema yeye hapigii kura mwili wa mtu, na mtoto wa kwanza akanishika bega akaniambia, "Baba mdogo, wengi wape. Saini, mzee atapona atushukuru."

Niliingia na kalamu. Homa ilikuwa imeshuka, amekaa, anajua siku, anajua tarehe, akaiona fomu akajua na yenyewe. Nilimwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, sawa, lakini zake safari hii zinamuua. Alisema, "Zikiniua zitakuwa zangu. Ukisaini, mdogo wangu, utakuwa umenikata mimi kwanza, mguu baadaye." Nataka mjue kwamba sikukubaliana naye, na leo pia sikubaliani naye, nilitaka kaka yangu awe hai hata akiwa nusu, hata akinichukia hadi kiama, na nilisimama pale na kalamu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama popote. Lakini pale juu ya fomu palikuwa pameandikwa kwamba mgonjwa hana fahamu, na mgonjwa alikuwa ananitazama. Niliirudisha fomu tupu. Alifia nyumbani kwake, kando ya dirisha, Jumanne tarehe 11 Juni, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini.

Familia inamshukuru daktari wa zamu, ambaye kila asubuhi alimwuliza mgonjwa kabla ya kutuuliza sisi, wauguzi waliokuja kumfunga kidonda nyumbani, majirani waliotuachia maji na jiko, wafanyakazi wenzake wa chumba namba sita, na wale wapigakura sita wa verandani, ambao walimpenda kama mimi, na ambao nyumba yangu haitawafungia mlango hata wakikawia kunisalimia.

Kaka, maisha yako yote hakuna aliyekuamuru ukatii bila kuuliza maswali, nami nakuomba mara hii moja umtii mdogo wako: pumzika kwa amani.