Feri Iliyopotea kwa Ajili ya Makofi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Kagwe, wachungaji, wazee na akina mama:

Kabla ya yote, mjinga wa leo ni mimi Khaemba, katibu wenu. Feri ilikuwa katikati ya Mto Nzoia, pikapu ya mgeni juu yake, nikashikwa na furaha: "Jamani, mpigieni mheshimiwa makofi ya kilo!" Wavutaji wote wakaachilia kamba ya kuivushia feri, wakapiga. Makofi yalitoka safi kabisa. Feri nayo ikaenda zake mpaka kwenye matete yaliyoota katikati ya mto. Mheshimiwa, pole, na karibu.

HISTORIA
Mwaka wa 2003 Mzee Wabwile aliona kwenye kalenda picha ya feri ya ng'ambo, inabeba watu na magari na inakimbia ajabu. Sisi tulikuwa na mapipa, mbao na kamba. Kilichokosekana ni mbio tu, tukaziweka kwenye jina.

MAFANIKIO
Tumevusha mahindi ya Kitale, ng'ombe wa Bungoma, na bibi harusi aliyefika ng'ambo kabla hajabadili nia. Hapa kila abiria huvuta kamba, hata askofu. Wasiovuta ni maiti na mgeni rasmi.

CHANGAMOTO
Mto ukifurika tunakimbia kweli, ila si tunakokwenda. Na kamba imelika, bana. Mwezi jana abiria wetu Emmy, mjamzito, alishikwa na uchungu tukiwa majini, nyuzi zinakatika tukiziona. Mtoto alizaliwa salama upande wa hospitali, lakini tangu siku hiyo wajawazito wanaogopa kupanda. Masika yakianza, kamba hii haitashika.

OMBI
Waya wa chuma, kutoka ukingo huu hadi ule. Ni hilo tu.

HITIMISHO
Mungu akujalie afya, akuzidishie kura, na akukaushie suruali kabla ya hotuba. Ni sisi, Kikundi cha Feri ya Mwendo Kasi, Kitale na Bungoma.

Mama Jentrix, mkuu wa wavutaji, alikataa kutia sahihi mpaka tuandike mliyoambiana kule kwenye matete. Ulisema wadi yako inaishia katikati ya mto, kwa hivyo utanunua waya wa kufika hapo tu, nusu ingine tuwaulize wa Bungoma. Mvutaji wetu Barasa akakusihi, mchungaji akakusihi, ukakataa. Ndipo Mama Jentrix akaweka chini kamba ya kututoa kwenye matete:

"Sawa, mheshimiwa. Kama wadi yako imeishia hapa, si ushuke?"