Ni Huu Mwanga, Si Huyu Mwanga

Bwana asifiwe, akina mama! Mnajibu kama mko na njaa. Chai inakuja, lakini nisikilizeni kwanza.

Binti yangu alipata nafasi ya kusomea fizikia ng'ambo. Akaja likizo, na Jumapili akaitwa mbele hapa Voi asalimie kanisa. Mchungaji akamuuliza anasoma nini. Sasa, Kiswahili chake ni kile chetu cha kijijini Mghange, ngeli zinaruka tu. Akasema, "Nafanya kazi na mwanga. Huyo mwanga anapoza atomu katikati ya vioo viwili."

Ndugu zangu, nawaambia, kanisa zima liligeuka kunitazama mimi. Huyo mwanga! Mchawi wa usiku! Na kupoza, si ndiyo ile kutasa, wazee wetu wakitema maji kupoza hasira? Na vioo, kama vya mganga! Kuna waliosikia Adamu badala ya atomu. Leo mnacheka, siku hiyo hakuna aliyecheka.

Mzee mmoja wa kanisa akaja nyumbani. "Mama, huyo mtoto atubu mbele ya watu, na huko asirudi." Nikaondolewa kuongoza maombi. Nikipita sokoni, minong'ono nyuma. Nilikonda, jamani. Lakini kilichonivunja ni binti mwenyewe kusema, "Mama, wacha niache tu. Nitafundisha shule hapa."

Nikamwambia, "Hauachi. Keti unielezee mpaka nielewe."

Haikuwa rahisi! Mimi nimesoma haya masomo ya jioni ya watu wazima. Kila mara namkatiza, "Rudia, hicho ni Kizungu." Lakini mwalimu wetu wa jioni alikuwa mkali wa ngeli, na hapo ndipo Mungu alinifungua masikio.

Jumapili iliyofuata nikaomba nafasi. Nikasema, "Wapenzi, ni huu mwanga, si huyu mwanga. Mwanga kama huu unaoingia dirishani. Atomu ni chembe ndogo sana, ndizo zimejenga kila kitu. Joto ni zile mbio zao. Wanazipiga na mwanga kutoka kila upande, unazisukuma kinyume, zinapunguza mwendo. Kupoza ni huko tu. Halafu zinakaa katikati ya vioo vinavyotazamana. Mwanga unaenda, unarudi, na ukipita unaziamsha zitoe mwanga wao. Mwanzo kila moja inatoa kivyake, kama kwaya yetu kabla ya mazoezi. Baadaye zinashika sauti moja. Mwanga huo wa sauti moja ndio leza."

Yule mzee akasimama. "Na huyo mwanga... haombwi kitu?"

"Huo, mzee. Hauombwi. Unawashwa tu."

Kanisa likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Basi binti aje tumwekee mikono, aende salama." Na alienda. Hivi tunavyoongea, yuko huko kwa vioo vyake, na mimi natembea kichwa juu!

Namshukuru Mungu. Asante mwalimu wangu wa jioni. Asante mchungaji kwa kunipa nafasi, na yule mzee pia, kwa sababu aliuliza mbele ya watu, hakunong'ona.

Akina mama, mtoto akisoma kitu hukijui, usikiogope kabla hujamuuliza. Akueleze mpaka na wewe uweze kumweleza jirani. Mimi nimeeleza. Nani ana swali?