Nilivyoacha Kuulima Mpira

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Nanyi wa ufukweni, ambao salamu yenu ni nyingine, Bwana asifiwe! Nawasalimu wote kwa pamoja, maana leo vijana tumechanganyika, Wamatengo wa milimani na Wanyasa wa ziwani, Wakatoliki na Waanglikana, na tukichanganyika hivi hatukosi kutaniana. Wazazi mlioketi mbele, shikamooni.

Naitwa Osmunda. Mama yangu ni mkulima wa kahawa wa Mpepai, milimani Mbinga. Nimesoma fizikia chuo kikuu, na wengi wenu mnanikumbuka kama yule binti aliyemchosha katekista kwa maswali wakati wa mafundisho ya kipaimara. Ni kweli, ni mimi. Tena nilianza mapema. Mama akishapanda maharage, mimi nilikuwa narudi shambani kwa siri kuyafukua nione kama yameota. Yalikuwa yameota, na mimi ndiye niliyeyavunja shingo. Mama alinichapa mkono akasema, "Mtoto wewe, hata udongo huuamini?" Nikamjibu kwamba siuamini. Nikachapwa tena.

Kwa hiyo kama mmekuja kusikia habari za kiwete aliyeruka akaacha magongo, mtanisamehe. Ushuhuda wangu ni wa mchezo wa gofu. Chekeni kwanza, nawasubiri.

Sasa nisikilizeni. Baada ya chuo nilikaa Dar es Salaam nikifundisha watoto wa watu masomo ya jioni. Ndipo nikapigiwa simu kwamba mama ameteleza shambani, amevunjika nyonga. Nikarudi nyumbani. Baba alikwisha kufariki, na mimi ndiye mtoto wa pekee wa mama. Mama akatibiwa, akapata nafuu, lakini tangu siku ile anatembea kwa mkongojo na jembe hawezi tena. Ndugu wakakaa kikao. Wakaamua mama ahamie Songea kwa mjomba, mimi nirudi Dar, binamu ameshanitafutia kazi dukani. Mama aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akasema, "Mkahawa mzee ukiung'oa ukaupanda kwingine, umeuua."

Ndugu zangu, nilijua anasema kweli. Lakini nikibaki, tutaishije? Shamba peke yake halikutosha. Nilihitaji kazi ya karibu, ambayo ingeniwezesha kupanda gari la Mbinga kila mwisho wa juma, nimchotee maji, nimpalilie, nimwone.

Ndipo nikasikia kwamba karibu na Mbamba Bay, ziwani, kuna hoteli ndogo iliyosafisha tambarare yake na kutengeneza uwanja wa gofu. Uwanja wenyewe ni mdogo, na mbuzi wa jirani wanaujua kuliko wageni. Ni mchezo wa kupiga kijipira kigumu kwa fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma, mpaka kiingie kwenye shimo la mbali. Walikuwa wanatafuta vijana wa kufundishwa, ili baadaye wawasaidie wageni wanaojifunza. Mwishoni kungekuwa na jaribio: kuvusha mpira juu ya mdomo wa kijito, hadi nyasi za ng'ambo. Anayevusha anabaki kazini. Asiyevusha anaagwa.

Nikajisemea, huu ni mwendo wa kitu kilichorushwa, nimeusoma miaka yote. Nikaenda nikiwa na uhakika, uhakika kabisa!

Mwalimu wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa Kitanga, Mwislamu mwenye swala zake, aliyecheza gofu tangu usichana wake. Tulijifunza wawili, mimi na Wiliamu, kijana wa Liuli aliyekua juu ya mtumbwi. Siku ya kwanza Bi Zuhura akaweka mpira chini, akaniambia nipige nione. Nikainua fimbo, nikaishusha kwa nguvu zangu zote.

Mpira haukutikisika. Fimbo iliingia ardhini, ikatoka na bonge la nyasi, likanidondokea miguuni.

Wiliamu alikaa chini kwa kicheko. "Mtani! Umeanza kuchimba ngoro huku? Nikuletee mbegu ya maharage?"

Mnaotoka mbali nawaeleza. Ngoro ni kilimo chetu cha milimani. Nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hata shamba likawa visanduku visanduku, kisha wanawake tunaingia na majembe, tunachimba udongo wa katikati na kuurusha juu ya zile nyasi. Panabaki mashimo yanayoshika maji ya mvua, mlima usiporomoke. Mimi nimechimba ngoro tangu jembe likiwa refu kuliko mimi.

Na ndugu zangu, lile jembe halikutaka kunitoka! Wiki zikapita, nikawa nazidi kulima. Nikipunguza nguvu, nalima polepole. Nikiongeza, nalima haraka. Wiliamu naye alikuwa na kasoro zake, alikuwa anapiga kasia, lakini mpira wake angalau uliondoka. Wangu ulibaki mahali pake ukinitazama. Kila nilipochimbua nyasi aliuliza, "Dada, kaburi la nani hilo?" Nilicheka naye mchana. Nikiwa peke yangu sikucheka. Nilikuwa namwona mama amekaa kwenye basi la Songea, mkongojo mkononi, anatazama dirishani.

Nilichora michoro. Nilipiga hesabu za pembe. Nilimbishia Bi Zuhura kila alichosema. Akisema legeza mikono, nauliza kwa nini. Akisema geuza kiuno, nauliza kitageukaje kabla ya mabega. Siku moja alichoka, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki akasema, "Binti, we waulizia maji na huku washazama. Hebu uliza jambo moja tu. Uliza mwili wako, wauogopa nini mpira huu?"

Swali hilo lilinikera. Nilikwenda nalo nyumbani mwisho wa juma. Ulikuwa mwezi wa tatu, wakati wa kuchimba ngoro, nami nilikuwa namchimbia mama. Nikaegemeza simu kwenye kisiki, nikajirekodi nikilima. Kisha nikatafuta tawi la mti, nikajirekodi nikipiga jiwe kana kwamba ni gofu. Jioni tukatazama pamoja, mimi na mama, kwenye kioo kile kidogo.

Mama akasema, "Mbona umenionyesha kitu kimoja mara mbili?"

Na ni kweli, kilikuwa kimoja! Jembe hukomea ardhini. Likishaingia, kazi yake imekwisha, unasimama, unavuta. Ndivyo nilivyofanya na fimbo ya gofu. Kila nilipoufikia mpira, mwili wangu ulisimama, kwa sababu tangu utotoni ulifundishwa kwamba safari inaishia pale.

Jumatatu nikampelekea Bi Zuhura zile picha. Alizitazama akirudia rudia. Halafu akaniuliza, "Na hapa, baada ya kuchimba, wafanya nini?"

"Naurusha udongo juu ya nyasi."

"Simama urushe."

Nikarusha udongo usiokuwapo. Uzito ukahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kiuno kikageuka, mikono ikafuata, ikapita, ikaishia juu ya bega.

Bi Zuhura akapiga makofi. "Alhamdulillahi! We ushajua zamani. Basi usichimbe. Rusha udongo tu."

Ndugu zangu, nilirusha udongo! Asubuhi kabla ya wageni kuamka, mchana wakiwa wamelala, nilirusha. Msidhani ilikuwa siku moja. Kuna siku jembe lilirudi, nikachimba makaburi uwanja mzima, Bi Zuhura akanirudisha mwanzo bila kunikaripia: mikono, miguu, kiuno, tena. Lakini mpira ukaanza kuondoka. Kwanza ulitambaa. Kisha ukapaa kidogo. Siku ulipopaa hasa Wiliamu aliacha kucheka, akasema, "Mtani, leo umenikosesha kazi."

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Jembe lilipoondoka, ikaonekana kasoro iliyokuwa imejificha nyuma yake, na hiyo haikutoka shambani. Ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nainua kichwa. Kabla fimbo haijaugusa mpira, macho yangu yalikwisha kwenda mbele kuona umefika wapi. Kichwa kikiinuka, bega linainuka, fimbo inapita juu, mpira unaguswa utosini na kujikokota kama kuku aliyefukuzwa. Bi Zuhura alijaribu yote. Aliniwekea ua dogo la njano chini ya mpira, akataka nimwambie limekaaje baada ya kupiga. Sikuwahi kuliona ua lile. Nilitaka kuona mpira.

Ni yale yale maharage, ndugu zangu. Nilikuwa nafukua.

Siku ya jaribio ikafika na kasoro hiyo ninayo. Mama alikuja. Sikumwita, alipanda gari mwenyewe kutoka Mbinga na mkongojo wake, akashuka amejifunga khanga ya kanisani. Wakampa kiti kivulini karibu na kijito. Akaniuliza, "Ni lipi la kutazama?" Nikamwonyesha maji na nyasi za ng'ambo. Akasema, "Mbali hivyo? Na hicho kijiti?" Kisha akatoa rozari.

Wiliamu alitangulia. Mpira wake wa pili ulivuka, akacheza ngoma pale pale. Nikaja mimi. Kila mtu alikuwa na mipira mitatu.

Wa kwanza niliuchimba. Jembe, baada ya miezi yote ile, lilirudi mbele ya meneja na mbele ya mama! Bonge la nyasi liliruka, mpira ukabaki. Wiliamu safari hii aliinama akalirudisha lile bonge mahali pake, na hilo liliniumiza kuliko utani. Wa pili sikuchimba, nilirusha udongo vizuri, lakini kichwa, kichwa! Nikainuka kutazama, mpira ukajikokota, ukatumbukia majini karibu kabisa. Nikasikia mama akiuliza, "Huo umehesabiwa?" Bi Zuhura akamjibu kwa upole, "Bado mmoja, mama."

Sasa nawaambia kilichotokea, na sitaongeza chumvi. Nilisimama juu ya mpira wa mwisho, nikataka kusali. Nikashindwa kuomba mpira uvuke. Nimesoma jinsi mpira unavyoruka, na sikuona ni kwa nini Mungu auchukue wangu akaubebe. Mnaweza kuniita mwenye imani haba. Lakini pale nilipokuwa nimeishiwa michoro na hesabu, sala moja ilitoka ambayo niliweza kuisema bila kudanganya. Nilisema, Bwana, nisaidie nisitazame. Basi. Mpira uende utakakokwenda, uwe wako. Mimi nishikilie kichwa tu.

Bi Zuhura alikuwa ameniwekea ua lile la njano. Nikaliangalia. Nikainua fimbo. Nikarusha udongo.

Sauti ya kupiga ilikuwa ndogo, safi, kama kuvunja kijiti kikavu. Mikono ikapita, ikaishia juu ya bega. Na mimi nilikuwa bado naangalia ua. Limelala kwa ubavu. Petali moja imekatika. Kuna sisimizi anapanda juu yake. Nililiona lote, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza! Na palikuwa kimya, na katika kimya kile sikujua kama nabaki nyumbani au nakwenda Dar, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikukimbilia kujua.

Kisha mama akapiga vigelegele.

Alianza yeye, mama wa mkongojo, halafu wafanyakazi wa jikoni wakapokea. Na Wiliamu akapaza sauti, "Mtani! Inua kichwa sasa, umekwisha kufika!"

Nikainua. Mpira ulikuwa ng'ambo, umetulia kwenye nyasi, mbuzi mmoja anaunusa.

Mpaka leo sijui ulirukaje. Bi Zuhura anasema uliruka chini chini kisha ukapanda. Wiliamu anasema nusura umgonge kunguru. Mama kila akisimulia kwa majirani wa Mpepai mpira unazidi kwenda juu, na nadhani kufikia Krismasi utakuwa umeligusa wingu. Mimi mwenyewe niliyeupiga ndiye pekee ambaye sikuuona. Na sijutii.

Nashukuru. Namshukuru Mungu aliyenivumilia na maswali yangu, ambayo bado ninayo na nitaendelea kuyauliza. Namshukuru Bi Zuhura, aliyenirudisha mwanzo kila nilipoanguka, na ambaye mwezi wa Ramadhani alinifundisha kiu ikimkausha koo. Namshukuru Wiliamu kwa makaburi yote aliyoyahesabu. Ijumaa jioni napanda gari la Mbinga, Jumapili nasali na mama, na mikahawa yake bado iko mahali pake, naye yuko mahali pake.

Na wewe kijana mwenzangu uliyeketi nyuma umekunja mikono, unayepima kila neno langu kama lina ushahidi, sikuambii uache kuuliza. Uliza! Tafuta anayejua akufundishe, rudia mpaka mwili ukubali, na usione haya kuanza upya mbele za watu. Lakini ukishapanda, ndugu yangu, uyaache maharage udongoni. Piga, na uache kichwa chini. Wapo wanaotazama kwa ajili yako, watakuambia yalipoota. Amina.